Zana Zisizo na Namba: Kerezo la Uta, Mashine ya Kukata Magurudumu na Suala la Usahihi katika Ufundi Saa wa Lancashire, Karne ya 18 na 19

1.0 Utangulizi

Mji wa Prescot uko maili nane hivi mashariki ya Liverpool, katika eneo lililokuwa sehemu ya jimbo la Lancashire nchini Uingereza. Katika karne ya 18 na sehemu kubwa ya karne ya 19, saa nyingi za mfukoni zilizouzwa zikiwa na majina ya mafundi wa London, Liverpool na Coventry zilianzia hapo na katika vijiji vya jirani. Kilichotoka Prescot kwa kawaida hakikuwa saa kamili. Kilikuwa mtambo mbichi: mabamba mawili ya shaba, magurudumu, mihimili na pipa la kamani, vikiwa vimeunganishwa lakini havijakamilishwa. Kutia kizuizi cha mwendo, kupaka dhahabu, kuweka uso na kasha ni kazi zilizofanywa na watu wengine mahali pengine, na jina lililochorwa juu ya bamba lilikuwa la huyo wa mwisho au la mfanyabiashara aliyemlipa. Pamoja na mitambo hiyo, Prescot na maeneo yanayoizunguka yalitoa bidhaa ya pili ambayo ndiyo shabaha ya makala haya, nayo ni zana za kutengenezea saa.

Zana hizo ziliendeshwa kwa mkono: kwa uta, kwa mpini wa kuzungusha, au kwa kusukuma tupa. Kwa sababu hiyo historia yake imezoeleka kusimuliwa kama historia ya mkono uliopambana na mashine ukashindwa. Wamarekani walijenga viwanda katikati ya karne ya 19, Waswisi wakawafuata, na Waingereza wakabaki na zana za mababu zao mpaka soko likawakimbia. David Landes, katika kitabu chake cha mwaka 1983 kuhusu historia ya saa, aliupa uzito mkubwa mwelekeo wa Waingereza wa kushikilia njia walizozizoea, na waandishi wengi waliomfuata wamelirudia wazo hilo bila kuzitazama zana zenyewe kwa karibu.

Makala haya yanakubali kwamba Waingereza walichelewa. Yanachohoji ni mahali ambapo mstari kati ya zana ya kale na mashine ya kisasa umechorwa. Nguvu inayoendesha chombo na usahihi wa chombo hicho ni mambo mawili tofauti. Kuna zana za karne ya 17 zilizoendeshwa kwa mkono ambazo usahihi wake haukutegemea mkono hata kidogo, na ziko zana nyingine katika karakana hiyo hiyo ambazo bila jicho la fundi hazikuwa na maana. Nitajaribu kuonyesha kwamba kilichowatenganisha mafundi wa Lancashire na kiwanda cha Waltham kule Marekani ni namna ya kuhifadhi vipimo. Zana za Lancashire zilihamisha umbali kutoka kitu kimoja hadi kingine bila kuupitisha katika namba. Zilifanya hivyo kwa ustadi mkubwa kiasi kwamba, kwa muda mrefu, hapakuwa na sababu ya kutaka namba.

2.0 Maelezo kuhusu istilahi

Kiswahili hakina msamiati kamili wa ufundi saa, lakini kina mengi kuliko inavyodhaniwa. Kamani ni neno la siku nyingi la bamba jembamba la feleji linalokunjwa ndani ya saa ili kuipa nguvu. Kukereza na kerezo ni maneno ya mafundi wa mbao, na hapa yametumika kwa kazi ile ile juu ya madini. Tupa, jiliwa na fuawe hazihitaji maelezo. Gurudumu dogo lenye meno machache, ambalo husukumwa na gurudumu kubwa, nimeliita pinioni kwa kukosa neno lililozoeleka. Pia nalitumia kwa maana ya umbo la kijiometri, yaani umbo lenye kitako cha duara na ncha moja.

Neno lililonisaidia zaidi ni keekee. Kamusi za zamani za Kiswahili zinaitaja keekee ya seremala wa pwani pamoja na majina ya sehemu zake: chuma chenyewe kinachotoboa, msukano unaokibeba, jivu ambamo msukano huzunguka, na uta unaouzungusha. Msomaji aliyewahi kuiona ikifanya kazi ameshaelewa nusu ya chombo kikuu cha fundi saa wa Prescot. Tofauti ni kwamba katika keekee chuma ndicho kinachozunguka na mbao imetulia, ilhali katika kerezo la fundi saa kinachozunguka ni kile kinachochongwa.

3.0 Kerezo la uta

Kwa sura, kerezo la uta halivutii. Ni fito ya chuma au shaba yenye urefu wa shubiri moja au pungufu, iliyobeba vichwa viwili vinavyotazamana, na katika kila kichwa umepenyezwa msumari mmoja wa chuma wenye kishimo kidogo au ncha mwishoni. Misumari hiyo husogezwa mbele na nyuma kulingana na urefu wa kazi, kisha hukazwa kwa skrubu. Fito nzima hubanwa katika jiliwa. Hakuna gurudumu, hakuna mkanda, hakuna mhimili wa chombo wenyewe.

Mhimili wa saa unaotakiwa kuchongwa huchongoka pande zote mbili na kulazwa kati ya misumari hiyo miwili. Kapi dogo la shaba hufungwa juu yake, na kamba ya uta huzungushwa mara moja juu ya kapi. Fundi hushika uta kwa mkono wa kushoto na kichongeo cha feleji kwa mkono wa kulia, kikiwa kimeegemea kiegemeo kilichowekwa mbele ya kazi. Uta ukishuka, kazi huzunguka kumwelekea na kichongeo hula chuma. Uta ukipanda, kazi huzunguka kinyume, naye hukiondoa kichongeo kwa kiasi kidogo sana, pengine upana wa unywele, ili kisiguse. Kwa hiyo nusu ya mwendo wote hupotea. Mtu anayehesabu ufanisi kwa mizunguko ya dakika moja ataliona hilo kuwa kasoro kubwa, na ndivyo lilivyoelezwa na wengi walioandika kuhusu uta kama chombo cha enzi za ujinga.

Hesabu hiyo inasahau kinachotafutwa. Katika kerezo lenye mhimili wake, kazi hubanwa kwenye mwisho wa mhimili huo na kuzunguka pamoja nao. Kama mhimili umechakaa ndani ya fani yake, au haukuwa mduara kamili tangu mwanzo, kasoro hiyo huhamia kwenye kazi. Kerezo la uta halina fani inayozunguka. Misumari imetulia tuli, na mhimili wa saa huzunguka juu ya ncha zake wenyewe. Kila kinachochongwa juu yake kitakuwa na kitovu kimoja na ncha hizo, liwe kerezo ni jipya au limetumika miaka hamsini. Zaidi ya hapo, fundi anaweza kuitoa kazi, kuipima ndani ya saa, na kuirudisha mara kumi bila kupoteza kitovu chake. Usahihi huu hautoki mkononi. Umo katika jiometri ya nukta mbili zilizotulia, na fundi mwanafunzi aliupata siku ya kwanza sawasawa na bwana wake.

Kilichomtofautisha mwanafunzi na bwana ni kipenyo. Ncha ya mhimili wa gurudumu la mizani katika saa ya mfukoni huwa na unene unaokaribia sehemu ya kumi ya milimita. Kwa kazi hiyo kamba ya kawaida haikufaa. Uta mdogo, uliotengenezwa mara nyingi kwa mfupa laini wa kinywani mwa nyangumi au kwa henzirani, ulifungwa singa moja ya farasi. Singa hiyo ilikuwa na faida ambayo mashine yenye nguvu kubwa haina: ikiwa kichongeo kimezama kupita kiasi, unywele huteleza juu ya kapi au hukatika, na ncha ya feleji inasalimika. Fundi husikia upinzani wa chuma katika vidole vya mkono wa kushoto kabla jicho halijaona kitu. Hapa mkono unarudi katika hesabu, lakini unarudi ukiwa kipokezi cha habari, na nguvu unayotoa ni ndogo mno kuitwa nguvu.

4.0 Mashine ya kukata magurudumu

Zana ya pili ni ya namna nyingine kabisa. Kwa desturi mashine ya kukata meno ya magurudumu huhusishwa na Robert Hooke wa London, katika miaka ya 1670. Kule Uswisi simulizi kuhusu Daniel JeanRichard wa Le Locle, anayetajwa kuwa mwanzilishi wa ufundi saa katika milima ya Neuchâtel, inasema alisikia kwamba Geneva kuna mashine ya kukata magurudumu, akaenda kuiulizia, akanyimwa siri yake, akarudi kwao na kuibuni mwenyewe. Simulizi hiyo iliandikwa baada ya kifo chake na ina dalili zote za hadithi ya shujaa. Hata hivyo inatueleza jambo moja la kuaminika, kwamba kwa watu wa karne ya 18 mashine hiyo ilionekana kuwa kitu kinachofaa kufichwa.

Kiini chake ni sahani ya mgawanyo, yaani bamba la duara la shaba lililotobolewa miduara mingi ya matundu, mmoja ndani ya mwingine. Kila mduara una idadi yake ya matundu, kulingana na idadi za meno ambazo mafundi wa saa wanazihitaji. Gurudumu tupu hufungwa juu ya mhimili ule ule unaobeba sahani. Mkono wenye ncha huingizwa katika tundu moja ili kuishikilia sahani isisogee, kikataji kinachozungushwa kwa mpini au kwa uta hushushwa na kukata nafasi moja, kisha ncha huhamishiwa tundu linalofuata. Mwendeshaji hapimi chochote. Anachotakiwa kufanya ni kutoruka tundu.

Sahani ina sifa nyingine ambayo ni rahisi kuipuuza. Tuchukue, kwa mfano wa hesabu tu, sahani ambayo mduara wake una kipenyo cha sentimita 30 na gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 1.5. Tundu likiwa limekosewa kwa sehemu ya kumi ya milimita, kosa linalofika kwenye gurudumu limepungua mara ishirini, yaani sehemu moja ya mia mbili ya milimita. Chombo kinachosahihisha makosa ya aliyekitengeneza si chombo cha kienyeji kwa maana yoyote inayokubalika. Watengenezaji wa vyombo vya sayansi walilijua hilo. Henry Hindley, fundi wa saa wa York, alijenga mashine yake ya kugawanya duara kabla ya katikati ya karne ya 18, na John Smeaton aliieleza mbele ya Royal Society mwaka 1785, wakati Jesse Ramsden alikuwa tayari ameshachapisha maelezo ya mashine yake mwenyewe ya kugawanya mizani ya vyombo vya unajimu na ubaharia. Njia kutoka karakana ya saa hadi chombo cha kupimia nyota ni fupi.

Lakini mashine hiyo ya mkono iliacha kazi katikati. Kikataji cha karne ya 18 kilikata nafasi zenye kuta zilizonyooka, na jino likabaki na kichwa bapa. Ili jino moja limsukume jirani yake bila kukwaruza, kichwa hicho lazima kiwe na mviringo maalumu. Wanahisabati, Philippe de La Hire akiwa miongoni mwao, walikuwa wamekwisha kuonyesha mviringo huo ni upi. Katika vyumba vya Lancashire hesabu hiyo haikufika, au ilifika ikiwa haina kazi, kwa sababu umbo lilitiwa kwa tupa nyembamba, jino baada ya jino, kwa kukadiria kwa jicho. Kwa hiyo katika gurudumu lile lile mgawanyo wa meno ulikuwa wa mashine, na umbo la meno likawa la mtu.

5.0 Chombo cha kuhamisha umbali

Kama ningelazimika kuchagua zana moja ya kuueleza mfumo mzima, nisingechagua kerezo wala sahani. Ningechagua chombo kidogo cha kupatanisha magurudumu, ambacho kinapatikana karibu katika kila mkusanyiko wa zana za kale za saa na ambacho wageni wa makumbusho hupita bila kukitazama.

Chombo hiki kina mabawa mawili yaliyounganishwa upande mmoja kwa bawaba, na skrubu inayoyafungua na kuyafunga polepole. Kila bawa limebeba jozi ya misumari kama ile ya kerezo la uta, na jozi hizo mbili ziko sambamba. Gurudumu hulazwa katika jozi moja na pinioni katika nyingine. Fundi hukaza skrubu mpaka meno yakutane, huyazungusha kwa kidole, husikiliza, hukaza au hulegeza kidogo, mpaka viwili hivyo viendeshane kwa ulaini. Umbali kati ya misumari sasa ndio umbali sahihi kwa gurudumu hilo na pinioni hiyo. Misumari ina ncha kali upande wa nje. Ncha moja huwekwa katika tundu lililokwisha kutobolewa kwenye bamba la saa, na nyingine huchora alama mahali tundu la pili linapopaswa kuwa.

Umbali umepatikana, umehifadhiwa na umehamishwa, na hakuna aliyeujua. Hakuna namba iliyotajwa wala kuandikwa. Saa inayofuata itapatiwa umbali wake, ambao utatofautiana kidogo kwa kuwa meno yake yalitiwa mviringo na tupa nyingine au na mkono ule ule siku nyingine. Chombo hiki kilifanya makosa ya tupa yasiwe na madhara, kwa sababu kila jozi ilipewa nafasi inayoifaa. Matokeo yake ni kwamba gurudumu la saa moja halikuweza kuhamishiwa saa nyingine, hata kama zote mbili zilitoka nyumba moja wiki moja.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaoona ukosefu wa vipuri vinavyobadilishana kuwa udhaifu wa ufundi. Ulikuwa gharama iliyolipwa kwa kujua, na kwa karne nzima ilikuwa gharama ndogo. Adam Smith, akiandika mwaka 1776, alitumia bei ya mitambo ya saa kuwa mfano wa bidhaa iliyoshuka thamani sana kwa sababu ya ubora wa kazi: kilichogharimu pauni ishirini katikati ya karne ya 17 kingeweza kupatikana kwa shilingi ishirini katika siku zake. Punguzo hilo la mara ishirini lilitokea bila mvuke na bila vipuri vinavyobadilishana.

6.0 Nyumba, tupa na watu wasio na majina

John Aikin, katika kitabu chake cha mwaka 1795 kuhusu maeneo yanayoizunguka Manchester, aliieleza Prescot kuwa mahali pa tupa bora, zana za saa na waya wa pinioni, na akaongeza kwamba wafanyakazi wengi wa kazi hizo walikuwa pia na mashamba madogo. Waya wa pinioni unastahili kutajwa. Badala ya kuchonga kila pinioni peke yake, waya wa chuma ulivutwa kupitia mfululizo wa matundu yenye umbo la nyota, kila tundu likiwa jembamba kuliko lililotangulia, mpaka waya mzima ukawa na mifereji ya meno kutoka mwanzo hadi mwisho. Fundi alikata kipande alichokihitaji na kuondoa meno kwenye sehemu zilizotakiwa kuwa mhimili.

Jina linalojulikana zaidi katika biashara ya zana ni John Wyke, mzaliwa wa Prescot aliyehamia Liverpool. Katalogi yake ya michoro, iliyochapishwa upya mwaka 1978 kwa uhariri wa Alan Smith, ndiyo ushahidi mkubwa tulio nao kuhusu zana hizi. Ina koleo, jiliwa za mkono, makerezo, vyombo vya kupatanisha na mashine za kukata, vyote vikiwa vimechorwa kwa uangalifu ili mnunuzi wa mbali aagize bila kuviona. Wyke alikuwa mfanyabiashara mwenye mtandao wa mafundi nyuma yake, na mafundi hao hawamo katika katalogi.

Kwa upande wa tupa tuna bahati zaidi, kwa sababu kumbukumbu za Peter Stubs wa Warrington zilisalia na T. S. Ashton akazichapishia utafiti mwaka 1939. Stubs alikuwa na nyumba ya wageni pamoja na biashara ya tupa, na masalia ya upikaji pombe yalitumika katika uji uliopakwa juu ya tupa kabla ya kuzitia moto na kuzizamisha majini ili zikomae. Aliwagawia watu wa majumbani feleji, nao waliirudisha ikiwa tupa. Meno ya tupa yalikatwa moja moja kwa patasi na nyundo, na upande wa kwanza ukishakatwa, tupa ililazwa juu ya risasi ili meno hayo laini yasipondeke wakati upande wa pili unakatwa. Umbali kati ya jino na jino uliongozwa na mguso: fundi aliitelezesha patasi mpaka ikagonga ukingo wa jino lililotangulia. Ni kanuni ile ile tuliyoiona katika chombo cha kupatanisha, kazi iliyokwisha kufanyika ikawa kipimo cha ile inayofuata.

Saa za Kiingereza zilitumia pia, yaani ngoma yenye umbo la pia na mfereji wa kuzunguka, ili kusawazisha nguvu ya kamani inayopungua kadiri inavyokunjuka. Mfereji huo ulikatwa kwa mashine ndogo ya mpini. Mnyororo uliozungushwa juu yake, wenye viungo vidogo mno vilivyopigiliwa kwa misumari midogo zaidi, ulitoka mbali na Lancashire, katika mji wa Christchurch kwenye pwani ya kusini, ambako kuanzia miaka ya 1790 Robert Harvey Cox na wengine waliwaajiri wanawake na wasichana, baadhi yao kutoka nyumba ya maskini ya mji huo. Zana zao zilikuwa tobozi, nyundo ndogo na macho. Katika maandishi mengi kuhusu fahari ya saa za Kiingereza wafanyakazi hawa hupewa sentensi moja, na makala haya hayajafanya vizuri zaidi sana. Lakini ni haki kusema kwamba sehemu iliyohitaji usahihi mkubwa kuliko karibu sehemu nyingine zote za saa ililipwa kama kazi isiyo na ufundi.

7.0 Mahali namba zilipokuwepo

Kuna pingamizi ambalo mtahini makini atalileta dhidi ya hoja yangu. Lancashire ilikuwa na namba. Waya wa Stubs uliuzwa kwa namba za geji yake. Mitambo ya saa nayo iliagizwa kwa saizi: saizi sifuri ilikuwa inchi moja na sehemu tano za thelathini, na kila saizi iliyofuata iliongeza sehemu moja ya thelathini ya inchi. Mtambo wa saizi 18, kwa hiyo, una kipenyo cha inchi moja na sehemu 23 za thelathini.

Pingamizi hili ni la kweli, na ukilitazama vizuri linaonyesha mipaka ya mfumo. Namba zilitumika pale ambapo kitu kilibadilisha mikono. Mtengenezaji wa kasha kule Coventry hakuwahi kumwona mtengenezaji wa mtambo wa Prescot, hivyo kipenyo cha bamba kilihitaji jina ambalo wote wawili walilielewa. Mvutaji waya na mkata pinioni vilevile. Lakini ndani ya mtambo, kati ya gurudumu na pinioni, kati ya mhimili na tundu lake, ambako kazi yote ilikuwa katika chumba kimoja au katika nyumba mbili za barabara moja, namba haikuwa na mtu wa kuzungumza naye. Vilevile geji ya Stubs ilipanga waya kwa mfuatano tu. Namba yake haikuwa kipimo cha sehemu za inchi.

Kipimo hicho cha saizi kilivuka bahari. Viwanda vya Marekani, vilivyoanza na kazi ya Aaron Dennison na wenzake kule Roxbury mwaka 1850 na kuhamia Waltham mwaka 1854, viliendelea kuziita saa zao saizi 18 na saizi 16 kwa geji ya Lancashire. Waltham ilipokea namba ya nje ya Prescot na kuongeza kile ambacho Prescot haikuwa nacho, namba za ndani. Geji zilitengenezwa kwa kila tundu na kila mhimili, na mfanyakazi aliyeendesha mashine moja hakuhitaji kumjua wala kumwamini mfanyakazi wa mashine ya pili, hata kama aliketi hatua tatu kutoka kwake. Jacques David wa kampuni ya Longines, aliyetumwa Marekani wakati wa maonyesho ya Philadelphia ya mwaka 1876, aliwaandikia Waswisi wenzake ripoti ya kuwatahadharisha, na Waswisi wakaisikiliza.

Waingereza walikuwa wamepata nafasi mapema zaidi. Pierre-Frédéric Ingold, Mswisi aliyekuja London na mashine zake za kutengeneza saa, aliunga mkono uanzishaji wa kampuni ambayo muswada wake ulifikishwa bungeni na kukataliwa mwaka 1843 baada ya upinzani mkali wa watu wa biashara ya saa. Tukio hili hutajwa kama kilele cha ukaidi. Ukiangalia nani alikuwa na nini cha kupoteza, picha inabadilika. Zana za fundi wa nyumbani zilikuwa mali yake. Alizinunua kidogo kidogo, au alizirithi, na usahihi uliokuwa ndani yake ulikuwa wake pia. Geji za kiwanda ni mali ya kiwanda. Aliyepinga muswada wa Ingold aliweza kuwa anajua vizuri kabisa mashine zile zingefanya nini.

Kampuni ya Lancashire Watch Company ilianzishwa Prescot mwaka 1889 kwa kuwaunganisha watengenezaji kadhaa wa eneo hilo katika kiwanda kimoja chenye mashine na mvuke. Ilifungwa mwaka 1911, ikiwa imeshindwa na saa za bei nafuu za Marekani na Uswisi.

Sahani za mgawanyo zilizosalia, katika makusanyo ya Uingereza na katika makumbusho ya saa ya La Chaux-de-Fonds kule Uswisi, bado zinaweza kutoa ushahidi ambao maandishi hayana. Mduara wa matundu uliotumika mara nyingi huchakaa zaidi ya jirani zake, na kingo za matundu yake hulegea. Kwa kuhesabu matundu ya miduara iliyochakaa mtafiti anaweza kujua magurudumu yapi yalikatwa kwa wingi na mmiliki wa mashine hiyo, na kwa hiyo ni aina gani ya mitambo iliyotoka katika chumba chake, hata kama jina lake halijulikani. Kipimo cha uchakavu huo kinahitaji hadubini na subira tu.

Kerezo la uta lenyewe halikwenda na kiwanda. Lilibaki mezani pa mafundi wa kurekebisha saa, nao waliendelea kulitumia hadi ndani ya karne ya 20. Saa iliyoanguka na kuvunjika ncha ya mhimili huletwa ikiwa na matundu yake tayari, yaliyochakaa kwa namna yake, na mhimili mpya lazima ukubaliane na hayo yaliyomo. Fundi huchonga, huutoa mhimili, huujaribu katika tundu, huurudisha kati ya misumari miwili, na kuuvuta uta tena.